Nyumba ya Mwenyeji, Jina la Mgeni

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka mingi, na aghalabu wanafunzi huifafanua kwa upande mmoja tu: mgeni akija, jogoo huchinjwa, na mwenyeji naye hushiba kwa baraka za mgeni wake. Katika miaka yangu yote ya kushika chaki, na baadaye ya kuwafunza wale watakaoshika chaki, hakutokea mwanafunzi wa kuniuliza swali linalofuata. Swali lenyewe ni hili: mgeni akishaondoka, nyumba hubaki kuwa ya nani?

Ndugu msomaji, swali hili si la mzaha. Ipo nyumba moja katika nchi yetu ambayo mgeni alikaa miezi sita, kisha nyumba ikachukua jina lake moja kwa moja. Iko Kwihara, kama kilomita nane kusini-magharibi ya mji wa Tabora, na watu huiita Tembe la Livingstone. Ukimwuliza mtoto wa shule wa mahali popote Tanzania ni nani aliyekaa hapo, atakujibu bila kusita. Ukimwuliza ni nani aliyemkaribisha, atakutazama.

Napenda katika kurasa hizi kumzungumzia mwenyeji. Kwanza nitaeleza yale yanayojulikana juu ya nyumba na njia iliyopita hapo. Halafu nitasema niliyoyapata mwaka 2022, nilipokwenda kuitazama na kukaa siku tano katika kijiji cha jirani.

Nchi ya Unyanyembe, ambayo ndani yake ndimo ulimo mji wa Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka pwani ya Bagamoyo njia ilipita Mpwapwa, ikavuka nchi kavu ya Wagogo, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na ng'ambo ya ziwa mpaka Manyema, tawi jingine lilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Msafara kutoka pwani ulichukua miezi mitatu au zaidi. Waingereza wawili, Burton na Speke, walioanza safari mwishoni mwa Juni 1857, waliingia Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Siku 134! Leo treni ya reli ya kati hutoka Dar es Salaam ikafika Tabora katika muda ambao mpagazi wa enzi zile angekuwa hajamaliza hata kambi yake ya pili.

Wapagazi hao ndio walioifanya njia. Msimsadiki anayesema kwamba njia ya kati ilifunguliwa na wapelelezi kutoka Ulaya, wala hata na wafanyabiashara wa pwani peke yao. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao za ndovu kabla ya Mzungu yeyote kuijua njia hiyo, na baadaye wakawa watu wa kuajiriwa kwa ujira, waliojua thamani ya mabega yao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na chungu cha mpagazi, mkeka wake na chakula chake. Mbele alikwenda kirangozi na ngoma. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Kwa hiyo safari ilikuwa kazi, tena ilikuwa jando.

Mahali panapopita watu wengi namna hii huhitaji wenyeji. Katika Unyanyembe mwenyeji wa kwanza alikuwa mtemi. Mtemi Fundikira, aliyefariki katika miaka ya mwisho ya 1850, aliwaruhusu wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wajenge na wakae katika nchi yake. Wala hawakuwa wageni wa kupita tu. Muhammad bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed ambaye tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, akafanya makazi yake karibu na Tabora. Tippu Tip mwenyewe ameyaeleza haya katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili. Basi biashara na udugu viliingia mlango mmoja. Na ugomvi vilevile: Mtemi Mnywa Sere, aliyerithi baada ya Fundikira, alipowatoza wafanyabiashara kodi, walimpinga, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sere alipigana nao porini kwa miaka mingi mpaka akauawa mwaka 1865. Mgeni aliyekaribishwa na baba alimwondoa mwana katika kiti chake. Tulikumbuke jambo hilo kila tunapoisifu dhifa ya Unyanyembe.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Wakati wa Mkasiwa palikuwa na makazi matatu yaliyo karibu karibu: Tabora, Kwihara, na Kwikuru palipokuwa na ikulu ya mtemi. Naam, ikulu; neno hili tunalolitumia leo kwa nyumba ya Rais tulilipata kwa watu wa huku. Kwihara ndiko alikokaa liwali wa Sultani wa Zanzibar, jina lake Said bin Salim. Huyu bwana anastahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Mwaka 1857 ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Burton na Speke. Mwaka 1860 alitoka tena na Speke na Grant, akaugua, akaachwa Unyanyembe. Alipopata kuwa liwali, wageni wote wakubwa walipitia mikononi mwake. Stanley alipowasili Juni 1871 akimtafuta Livingstone, Said bin Salim ndiye aliyempokea na kumkabidhi tembe la kukaa.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuliona, tembe ni nyumba ya udongo yenye dari bapa. Kuta zake ni nene, boriti hulazwa juu yake, juu ya boriti fito, na juu ya fito hushindiliwa udongo. Mbele pana baraza, ndani pana ua, na vyumba huuzunguka ua huo. Ni nyumba yenye baridi mchana wakati jua la Tabora linapochoma, na usiku hutoa joto iliyolihifadhi. Ni ngome pia. Mwezi Agosti 1871 Mirambo wa Urambo, aliyekuwa akigombana na Waarabu juu ya njia na ushuru, aliushambulia mji wa Tabora na kuuchoma, na Stanley aliyekuwa Kwihara alitoboa kuta za nyumba hiyo matundu ya bunduki akingojea zamu yake. Mirambo hakuja.

Stanley aliondoka Septemba, akamkuta Livingstone Ujiji, wakarudi wote wawili wakafika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kuelekea pwani. Livingstone akabaki, akingojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka Zanzibar. Walifika katikati ya Agosti, na tarehe 25 Agosti akaondoka nao kuelekea kusini, asirudi tena akiwa hai. Hiyo ndiyo hesabu ya miezi yake sita: kungojea. Alisoma, aliandika, alishona nguo, alihesabu siku. Mpishi wake Halima alimpikia. Chuma na Susi, vijana waliokuwa naye kwa miaka mingi, walikuwa pamoja naye.

Tarehe 1 Mei 1872, akiwa katika nyumba ile, Livingstone alimaliza barua kwa gazeti la New York Herald, akiwasihi Wamarekani wasaidie kukomesha biashara ya watumwa ya pwani yetu. Maneno ya mwisho ya barua hiyo yalichongwa baadaye juu ya kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey mjini London. Aliiandika mwaka mmoja kamili kabla ya siku ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kifo chake, tarehe 1 Mei 1873. Jambo ninalotaka tuliangalie ni mahali ilipoandikiwa. Iliandikwa chini ya dari ya liwali wa wafanyabiashara, katika makazi ambamo watumwa walilima mashamba, waliteka maji na kupita katika njia iliyo mbele ya mlango. Wala hakukaa kwao kwa unafiki tu au kwa hila. Hakuwa na pengine pa kukaa. Chakula alichokula wakati akiandika kilitoka katika nchi ile ile aliyokuwa akiilalamikia. Ndiyo hali ya mambo ya wanadamu. Ubaya na ukarimu vilikaa chumba kimoja, na mwandishi alikuwa baina yao.

Nyumba ilimpokea mara ya pili akiwa maiti. Chuma, Susi na wenzao, akiwemo Jacob Wainwright aliyekuja na wapagazi wa Agosti, waliuzika moyo wake kule Chitambo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Mwezi Oktoba 1873 waliufikisha Unyanyembe. Walimkuta hapo afisa wa Kiingereza, Cameron, ambaye alikuwa amekaribishwa katika nyumba ile ile. Cameron aliwashauri wamzike hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Waliubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, miezi tisa tangu kifo chake. Mpaka leo naona kwamba katika historia yote ya nyumba ile hakuna saa iliyo kubwa kama ile waliyosema hapana. Laiti ningekuwa na mamlaka ya kuandika kibao mlangoni, ningeandika habari ya saa hiyo.

Ni nini kilichotokea baadaye? Mtemi Isike, aliyemrithi Mkasiwa mwaka 1876, alijenga ngome kubwa kuliko tembe lolote. Wajerumani waliishambulia mara kadhaa mwaka 1892 bila kuivunja, wakaja tena Januari 1893 chini ya Tom von Prince. Isike alipoona kuta zimeingiliwa, aliilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani pamoja na watu wa nyumba yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi ikaisha. Tembe la Kwihara nalo likabomoka kama yanavyobomoka matembe yote yasiyo na mtu. Halafu katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, lilijengwa upya na kufanywa mahali pa kumbukumbu. Hapo ndipo jina la mgeni lilipopata nguvu. Waliolijenga upya walimkumbuka mtu wao, na hawakukosea kumkumbuka. Lakini nyumba ya mwenye nchi, iliyolipuliwa pamoja na mwenye nchi, haikupata mtu wa kuijenga upya.

Nilikwenda Kwihara mwezi Agosti 2022, nikiwa nimestaafu miaka mingi. Nilikuwa nimepata kufika hapo zamani, na wanachuo, kwa lori, muda wa saa mbili: kutazama, kuandika, kurudi. Safari hii nilitaka kitu kingine. Nyumba ya makumbusho huonwa kwa saa moja. Bali nyumba ya watu haijulikani mpaka umelala karibu nayo, ukasikia jogoo wake. Kwa kuwa ndani ya tembe halilali mtu, niliomba kwa jamaa mmoja, mwalimu mwenzangu, anitafutie nyumba katika kijiji kisicho mbali. Alinipata kwa mkulima wa makamo ya miaka sitini, mwenye bani la kukaushia tumbaku, mizinga kadhaa ya nyuki porini, na mama mzazi mzee sana.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Utani huu wenyewe ni tunda la njia ile: watu wawili waliokutana pwani mwaka baada ya mwaka, mmoja akiwa mwenyeji na mwingine mpagazi, hawana budi ama kupigana ama kucheka. Mwenyeji wangu aliponiona nashuka katika bodaboda na kibegi changu alisema, "Mwalimu, babu zangu walibeba mizigo mpaka kwenu wakalala nje kwenye umande. Nawe utalala nje." Nikamjibu kwamba babu zangu waliwaacha nje kwa sababu walinuka jasho la safari ya miezi mitatu. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha akanipa chumba chake mwenyewe, na yeye akahamia kwa mwanawe.

Siku ya kwanza na ya pili nililetewa kila kitu: maji ya kuoga ya moto, ugali na nsansa iliyoungwa kwa karanga, asali, na asubuhi matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Husimuliwa huko kwamba jina la Tabora lenyewe lilitokana na matobolwa hayo, chakula kisichooza kilichonunuliwa na misafara. Nilipoyatafuna, kwa meno haya yaliyobaki, nilifahamu jambo ambalo vitabu hulipita haraka: msafara ni tumbo. Watu mia tano wanaofika jioni wanataka kula, na chakula hicho kimelimwa, kimechimbwa, kimemenywa, kimechemshwa na kuanikwa na mtu, naye aghalabu ni mwanamke. Jina la mwanamke huyo halimo katika daftari lolote.

Siku ya tatu nilisema mwenyewe, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwenyeji wangu akanitazama mgongo wangu, akasema jembe langu litakuwa kubangua karanga. Nikaketi barazani kwa mama yake na ungo mmoja baina yetu. Ndiyo kazi niliyoifanya siku tatu, nami naweza kusema kwamba sijapata kufanya utafiti wenye faida kuliko ule.

Ilikuwa msimu wa kukarabati nyumba kabla ya mvua. Ng'ambo ya njia majirani walikuwa wakikandika ukuta, vijana wakikanyaga udongo kwa miguu, wanawake wakileta maji. Niliwauliza hukandika mara ngapi. Wakasema kila mwaka, na mwaka wa mvua kubwa mara mbili. Nyumba ya udongo, walinieleza, haikai kwa sababu ilijengwa vizuri. Inakaa kwa sababu inakandikwa. Usipoigusa miaka michache, dari hunywa maji, boriti huoza, na kichuguu huingia kutoka chini. Basi nikayafikiria yale matembe ya zamani ya Kwihara na vyumba vyake vingi. Mikono mingapi iliyakandika kila mwaka? Said bin Salim hakukanyaga udongo kwa miguu yake. Wala Stanley. Wale waliokanyaga udongo ndio nyumba yenyewe.

Mama yule alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi tuliamkiana "mwangaluka", kisha tukabangua. Siku ya nne aliniuliza nimekuja kutafuta nini. Nikamwambia nimekuja kutazama nyumba ya Kwihara. Akasema, "Ile ya Mzungu." Nikamwambia ndiyo, lakini nadhani si ya Mzungu peke yake. Akanyamaza muda mrefu. Karanga zilianguka katika ungo. Halafu akasema, kama mtu anayezungumza na karanga, "Bibi yangu mimi alitoka Manyema. Alikuja mtoto."

Sikumwuliza alikujaje. Mtu wa umri wangu aliyefundisha historia anajua mtoto wa Manyema alifikaje Unyanyembe katika miaka ile, hakuja kutembea. Nilingoja, naye akaongeza neno moja tu: bibi yake hakupenda kufunga kitu shingoni, hata ushanga, mpaka kufa kwake. Kisha akaita mjukuu alete maji, na mazungumzo yakaisha. Jioni mwenyeji wangu aliniambia kwamba katika umri wake wote hakupata kumsikia mama yake akitaja Manyema. Wao ni Wanyamwezi, alisema, na ndivyo walivyo. Nami nikamwambia ndivyo walivyo, hakuna wa kuwanyang'anya. Ndiye mama huyo aliyenipa ruhusa, asubuhi ya kuondoka, ya kuyasimulia maneno yake, kwa sharti moja kwamba nisitaje jina wala kijiji. Nimelitii.

Yafaa kijana anayesoma kurasa hizi ajue kwamba mambo haya si ya kale sana kama anavyodhani. Mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar ulitiwa saini Juni 1873, lakini barani utumwa uliendelea. Wajerumani hawakuufuta; walichofanya ni kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuukomesha kabisa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo wapo watu waliokwisha kuwa watu wazima wakati TANU inaundwa mwaka 1954, ambao walizaliwa katika nyumba za mabwana. Wajukuu wao tunaishi nao. Baadhi yao tumewafundisha.

Hapa ndipo ninapofikia jambo langu. Tumezoea kuona kwamba hatari inayoikabili nyumba ya kihistoria ni mvua na mchwa. Ni kweli. Lakini kwa nyumba ya Kwihara iko hatari nyingine, nayo ni aibu isiyo na mwenyewe. Barua ya kulaani utumwa iliandikwa ndani ya nyumba hiyo, na watoto wetu hukaririshwa habari ya mwandishi. Wakati huo huo, watu ambao barua iliandikwa kwa ajili ya bibi zao wanakaa mwendo mfupi kutoka hapo na kuiita "ile ya Mzungu". Wanadhani hawamo. Tena wanadhani wakijitia ndani, watavunjiwa heshima. Aibu ya utumwa ilipaswa kubaki kwa aliyefunga kamba, lakini imehamia kwa wajukuu wa aliyefungwa, nao wanaitunza kimya kimya kama deni.

Sisemi kwamba watu walazimishwe kusema. Maneno ya mama yule yalikuwa mali yake, na angetaka kwenda nayo kaburini ingekuwa haki yake. Wala sisemi jina la Livingstone lifutwe mlangoni. Alikaa hapo, aliteseka hapo, aliandika jambo la kweli hapo. Ninachosema ni kwamba jina moja halitoshi nyumba yenye vyumba vingi. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi Kwihara awaambie habari ya Said bin Salim aliyekaribisha, ya Fundikira aliyetoa ardhi, ya Mnywa Sere aliyenyang'anywa, ya Halima aliyepika, ya Chuma na Susi waliosema hapana. Halafu, baada ya majina yanayojulikana kwisha, awanyamazishe kidogo kwa ajili ya wasiotajwa, wale waliokanyaga udongo na kuchemsha viazi. Hao ndio wengi.

Mwaka 2006 nchi yetu iliiingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Kwihara, katika orodha ya muda ya mahali panapopendekezwa kwa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ni heshima kubwa, nami nafurahi. Hata hivyo urithi wa dunia huanza na urithi wa kijiji. Kama majirani wa nyumba wataendelea kuiona ni ya mtu mwingine, dunia nzima haitaweza kuikandika kwa ajili yao.

Nilipomwuliza mwenyeji wangu kama amepata kuingia katika tembe lile, alisema aliingia mara moja, akiwa mwanafunzi wa darasa la tano. Siku ya tano tulikwenda pamoja, yeye, mimi na wajukuu wake wawili. Wajukuu walitazama picha na barua ukutani. Yeye alitazama dari. Alisimama chini ya boriti muda mrefu, akapima kwa macho, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kisha akamwambia mwangalizi, kwa adabu lakini kama mtu mwenye haki ya kusema, kwamba ile kona ya magharibi inataka udongo mpya kabla ya mvua za Novemba, na udongo mzuri wanao kijijini kwao, kwenye kichuguu karibu na kisima. Wakihitaji, waulize tu.